Baiskeli Moja, Miili Miwili: Kisa cha Kuchagua Baiskeli ya Mazoezi ya Nyumbani

Usuli

Kisa hiki ni cha mama wa miaka 54 na mwanawe wa kiume wa miaka 23, wanaoishi pamoja. Majina yao, mahali wanapoishi, kazi zao na chapa za baiskeli walizonunua nimeviondoa, na wenyewe wameridhia kisa chao kitumike kufundishia. Mimi ni mwalimu wa mazoezi. Niliitwa baadaye, baiskeli ya kwanza ikiwa imeshakaa majuma kadhaa bila mtu kuigusa na familia ikijiandaa kununua nyingine.

Nimeona kinafaa kuandikwa kirefu kwa sababu baiskeli ile ya kwanza haikuwa mbovu. Ilikuwa imara, imeungwa vizuri, na kuna watu ambao ingewafaa sana. Ila aliyeichagua siye aliyekusudiwa kuitumia, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Yaliyofuata yote yalionekana kama ugonjwa wa goti, hata pale ambapo goti halikuwa na hatia.

Mama ana urefu wa sentimita 152. Magoti yalikuwa yakimsumbua kwa miaka, la kulia zaidi. Picha ya eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imeanza kupungua, dalili kwamba gegedu linalika, yaani goti limeanza kusagika kama wengi wanavyosema. Daktari wake alimtaka afanye mazoezi yasiyo na kishindo, akamtajia baiskeli na kuogelea, na akasisitiza misuli ya mapaja iimarishwe kwa sababu ndiyo inayolibeba goti. Lengo la mbele lilikuwa kufikia kiwango kilichomo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Alikuwa anaanzia karibu na sifuri.

Kijana ana sentimita 183 na kilo 96. Amezoea kukimbia, na alichotaka yeye ni mazoezi mafupi ya kasi kubwa, ya kumtoa jasho ndani ya dakika 20. Nyumba yao iko ghorofani na kuna watu wanaoishi chini yao. Nafasi waliyokuwa nayo ni pembe moja ya sebule, kama mita mbili kwa moja na nusu.

Ununuzi wa kwanza

Utafiti aliufanya kijana, na aliufanya kwa bidii. Alilinganisha baiskeli nyingi kwa mambo mawili: uzito wa gurudumu la mbele na ukubwa wa skrini. Mwishowe akachukua yenye gurudumu la kilo 20, ya aina inayotumika kwenye madarasa ya baiskeli ya jimu. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kila alichokisoma kilisema gurudumu zito ni dalili ya ubora, na kununua kitu cha hali ya juu mara moja kulionekana ni busara kuliko kununua hafifu na kujuta. Alitaka mamake apate kilicho bora.

Mama hakuwahi kuikalia kabla ya kununuliwa. Alipoulizwa alijibu, "Mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo ya mashine. Chagua tu."

Kuna mambo matatu kuhusu baiskeli hiyo ambayo hayakuzungumzwa, ingawa maelezo ya bidhaa yaliyataja. La kwanza, gurudumu lake lilikuwa limefungamana moja kwa moja na pedeli: gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Kusimama ghafla ni mpaka ubonyeze breki. La pili, ugumu wake ulitokana na kipande cha sufi nzito kinachobanwa juu ya gurudumu kwa kifundo cha kuzungusha, na kifundo hicho hakikuwa na namba wala alama. La tatu, usukani ulipanda na kushuka lakini haukusogea karibu na mwendeshaji.

Siku ya kuifunga

Baiskeli ilifika kwenye boksi na kijana akaifunga mwenyewe. Hapa nitasimama kidogo, maana nimeliona kosa hili kwenye nyumba nyingi mno.

Pedeli ya kulia huingia kwa kuzungushwa kulia, kama bolti nyingine yoyote. Ya kushoto ni kinyume: nyuzi zake, yaani mifereji ya skrubu kwenye ncha yake, zimekatwa upande wa pili, na huingia kwa kuzungushwa kushoto. Zimetengenezwa hivyo makusudi, ili pedeli isijifungue yenyewe unapoendesha. Kwenye ncha ya kila moja huchorwa herufi, R kwa kulia na L kwa kushoto. Kijana aliziona herufi hizo, lakini alipofika upande wa kushoto mkono ukafuata mazoea. Akaizungusha kulia, ikakataa kushika. Akaiinamisha kidogo, ikauma nyuzi mbili tatu kwa upande, akaikaza kwa spana na kuridhika.

Pedeli hiyo ilikaa pembe kwa majuma matatu. Kwanza ilitoa sauti ya kugonga kila mzunguko, kisha ikaanza kuyumba, na siku moja ikachomoka na kuondoka na nyuzi za mkono wa pedeli, kile chuma kirefu ambacho pedeli hufungwa kwenye ncha yake. Pedeli ni chuma kigumu, na nyuzi za mkono zikishakatwa vibaya hazirudi. Ikabidi kununua mkono mpya, na muuzaji akasema dhamana haihusu kosa la kufunga.

Dawa yake ni rahisi. Anza kila pedeli kwa vidole, bila spana. Ikiingia nyuzi kadhaa kwa vidole bila kulazimishwa, iko sawa. Ikikataa, toa uanze upya.

Majuma matano ya mama

Mama alianza kwa nia njema. Alikishusha kiti mpaka tundu la chini kabisa, kwa sababu alitaka akiteleza kidogo ncha za vidole vya miguu ziguse sakafu. Kwake hilo lilimaanisha usalama. Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa baiskeli ya barabarani, ambayo inaweza kulala nawe. Baiskeli ya mazoezi hailali popote, lakini mwili unakumbuka hofu yake.

Alipiga pedeli dakika kumi, kisha kumi na tano. Kufikia juma la pili alikuwa na maumivu mapya, mbele ya goti, chini kidogo ya pia ya goti, yanayozidi anaposhuka ngazi au anapoinuka baada ya kukaa muda mrefu. Maumivu yake ya zamani yalikuwa upande wa ndani wa goti. Hakuna aliyeitilia maanani tofauti hiyo. Familia ilihitimisha kwamba goti limezidi kuharibika.

Viganja navyo vilianza kupata ganzi. Usukani ulikuwa mbali naye, hivyo alijilaza mbele na uzito wa kifua ukawa juu ya mikono.

Kuhusu ugumu, mambo yalikuwa ya kubahatisha. Kijana akimaliza zamu yake aliacha kifundo kikiwa kimekazwa. Mama akipanda alikilegeza kwa kukadiria, na kila siku makadirio yalikuwa tofauti. Siku moja ilikuwa nyepesi kama haina kitu, siku nyingine mapaja yakawaka ndani ya dakika tatu. Hakuwa na njia ya kusema "leo nirudie ya jana."

Kilichomsimamisha kabisa ni tukio la juma la tano. Alichoka, akaacha kupiga pedeli ghafla, mguu wa kulia ukatoka kwenye pedeli. Gurudumu la kilo 20 halikusimama. Pedeli ilizunguka na kumpiga nyuma ya mguu, ikamwachia jeraha na uvimbe uliokaa siku nyingi. Kuanzia siku hiyo hakuipanda tena.

Kabla ya kununua nyingine

Nilipoitwa, swali lilikuwa tayari lina jibu ndani yake: "Kocha, tununue ile ya kuegemea ipi?" Walikuwa wameambiwa kwamba mwenye magoti mabovu anafaa baiskeli ya kuegemea, ile yenye kiti kipana chenye mgongo na pedeli zilizo mbele.

Nilipendekeza tusinunue kitu kwanza. Sababu yangu ilikuwa ile tofauti ya maumivu. Maumivu ya mbele ya goti yanayoanza pamoja na baiskeli mpya mara nyingi husababishwa na kiti kilicho chini mno: goti hubaki limepinda sana wakati wote wa kusukuma, na pia ya goti hugandamizwa kwa nguvu kwenye mfupa wa paja. Kama ni hivyo, baiskeli nyingine yoyote iliyorekebishwa vibaya ingeleta maumivu yaleyale, nao wangekuwa wamelipa mara mbili. Nilimtaka pia amwone daktari wake kuhusu maumivu haya mapya, akaenda, na daktari akamruhusu kuendelea taratibu.

Tukapima. Urefu wa mguu wa mama kwa ndani, kutoka sakafuni hadi msambani, akiwa amesimama bila viatu na kitabu kimebanwa kati ya mapaja, ulikuwa sentimita 69. Kuna kanuni ya mwaka 1967 ya Hamley na Thomas inayosema umbali kutoka juu ya kiti hadi kwenye pedeli, ikiwa mbali kabisa na kiti, uwe asilimia 109 ya urefu huo. Kwa mama ni kama sentimita 75. Kiti chake kilikuwa kwenye sentimita 66. Kwa kijana, mwenye mguu wa sentimita 86, kanuni inatoa kama 94.

Kanuni ni mahali pa kuanzia tu. Niliihakiki kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kisigino: ukiweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Ya pili ni kutazama goti lenyewe wakati sehemu pana ya unyayo iko kwenye pedeli hiyo; likipinda digrii 25 hadi 35 kutoka kwenye unyoofu, kiti kiko mahali pazuri. La mama lilikuwa limepinda karibu mara mbili ya hapo.

Hatukukipandisha sentimita tisa kwa mpigo. Tulikwenda tundu kwa tundu, siku kadhaa kila moja, tukaishia 74 ambapo yeye mwenyewe alisema anajisikia huru. Tulimwekea kigoda imara cha kupandia, kwa sababu hofu ya kutofika chini ilikuwa ya kweli na ilihitaji jibu la kushika kwa mguu. Ugumu ukabaki mwepesi kabisa, kijana akiwa pembeni mkono uko kwenye breki.

Ndani ya majuma mawili maumivu ya mbele ya goti yalipungua sana. Yale ya zamani, ya upande wa ndani, yalibaki vilevile.

Kama kisa kingeishia hapo, ningesema kwamba baiskeli ya kwanza ilitosha. Lakini ganzi ya viganja ilibaki, kwa sababu usukani usiosogea hauna dawa. Kifundo kisicho na namba kilibaki. Na mama aliendelea kupiga pedeli akiwa amekaza mwili mzima, akisubiri gurudumu limshinde. Mtu anayeogopa mashine hawezi kuitumia mara nne kwa wiki kwa miaka. Hapo tukakubaliana kubadilisha.

Kuchagua upya

Ya kuegemea tuliifikiria kwa uzito. Ina faida za kweli: unaingia kwa kukaa kama kwenye kiti cha kawaida, mgongo unategemezwa, na mikono haibebi chochote. Kwa mtu mwenye shida ya mizani ya mwili au mgongo dhaifu ningeipendekeza bila kusita. Ila ni ndefu, nyingi zikikaribia mita moja na nusu au kuzidi, na ile pembe ya sebule ingejaa. Mama hakuwa na shida ya mgongo wala mizani. Na kijana alisema wazi kwamba hataigusa. Tukaiacha.

Ikabaki baiskeli ya wima ambayo ugumu wake huletwa na sumaku badala ya sufi. Niliwapa masharti manne, kwa mpangilio wa umuhimu. Kiti kishuke mpaka angalau sentimita 73 kutoka kwenye pedeli na kipande mpaka 94, bila kuvuka alama ya kikomo kwenye nguzo. Ugumu uwe na ngazi zenye namba, na ngazi za chini ziwe karibukaribu. Ukiacha kupiga, pedeli zisimame hata kama gurudumu linaendelea. Uzito unaoruhusiwa uzidi kilo 96 kwa nafasi ya kutosha, kwa sababu kijana husimama juu ya pedeli na hapo nguvu inayoingia kwenye fremu huzidi uzito wake wa kupimwa kwenye mizani.

Sharti la tano lilihusu wao: hakuna kununua bila kuikalia dakika 20, mama akiwa na viatu vyake vya mazoezi. Dakika mbili hazisemi kitu. Kiti kibaya huanza kusema baada ya dakika kumi.

Jaribio hilo ndilo lililoamua. Baiskeli ya kwanza waliyoijaribu ilikuwa nzuri kwa macho na ilikidhi vipimo vyote vya karatasi. Mama alipoipanda niliona magoti yake yanakwenda nje kwenye kila mzunguko. Kifuniko kilichokuwa kinafunika gurudumu kilikuwa kinene, hivyo pedeli zimewekwa mbali moja na nyingine, na kwa mtu mwenye nyonga nyembamba miguu inatanuka. Mwenyewe hakuligundua mpaka nilipomwomba atazame chini. Baada ya dakika nane akasema nyonga inamvuta.

Ya pili ilikuwa na ngazi nane. Kutoka ya kwanza hadi ya tatu hakukuwa na tofauti ya maana. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, mama alisimama. Kwa mtu mwenye nguvu hilo ni jambo dogo. Kwa anayeanza na goti linalouma, kati ya tatu na nne ndipo angehitaji kuishi kwa miezi mitatu, na hapakuwa na kitu hapo.

Walichukua ya tatu: gurudumu la kilo 8, mkanda badala ya cheni, ngazi 16, fremu iliyoinama katikati ili mtu apitishe mguu bila kuuinua juu, na usukani unaoelekea kwa mwendeshaji. Kiti kilikwenda kuanzia 68 hadi 95. Uzito ulioruhusiwa ulikuwa kilo 130. Inahitaji umeme kubadilisha ngazi, kwa hiyo ilibidi kona yake ihamishwe karibu na soketi.

Matokeo

Baada ya miezi sita mama anapanda mara nne kwa wiki, dakika 30 hadi 35 kila mara. Alianza ngazi ya pili, sasa yuko ya saba. Ngazi za nyumba anapanda bila kushika ukuta, jambo ambalo yeye analitaja kabla ya mengine yote. Maumivu ya mbele ya goti hayajarudi. Ya upande wa ndani yapo bado, machache zaidi kwa maneno yake, na picha mpya haijapigwa kwa hiyo sina la kusema kuhusu gegedu. Uzito wa mwili umebadilika kidogo sana.

Kwenye nguzo ya kiti wamebandika utepe wa rangi mbili, mmoja wa kila mtu, na kubadilisha kiti kunachukua nusu dakika. Majirani wa chini hawajalalamika. Mkanda hauna kelele, na chini ya baiskeli kuna zulia la mpira linalomeza mtikisiko.

Kijana hakuridhika sana. Ngazi ya 16 inamtosha akiwa amekaa na anapiga haraka, lakini akisimama na kusukuma kwa nguvu zote anaiona nyepesi na fremu inatikisika kidogo. Amerudi kukimbia nje, na baiskeli anaitumia kupasha mwili moto. Alilijua hilo kabla ya kununua na alilikubali. Baiskeli ya zamani waliiuza ikiwa na mkono mpya, na mnunuzi akaelezwa ulibadilishwa kwa nini.

Uchambuzi: gurudumu

Gurudumu zito lina kazi yake. Pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa mguu hauna nguvu ya kusukuma, na gurudumu linalozunguka ndilo linaloivusha hapo ili mwendo usiwe wa kukatakata. Lakini kinachovusha ni nguvu iliyohifadhiwa kwenye mzunguko, na nguvu hiyo hutegemea kasi kuliko inavyotegemea kilo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyohifadhiwa inakuwa mara nne. Kwa hiyo gurudumu la kilo 5 linalozunguka mara mbili kwa kasi ya la kilo 20, yakiwa na ukubwa na umbo moja, yanahifadhi sawa. Ndiyo maana ile ya kilo 8, ambayo gia zake hulizungusha gurudumu haraka, ilimpa mama mwendo laini kuliko alivyotarajia. Namba ya kilo peke yake haikumwambia kijana alichodhani inamwambia.

Na kilo 20 zilizofungamana na pedeli zina upande wa hatari. Viwango vya kimataifa vya ISO 20957, vinavyohusu vifaa vya mazoezi visivyohama, vimeziwekea baiskeli za aina hiyo sehemu yake ya pekee, sehemu ya 10, mbali na sehemu ya 5 ya baiskeli nyingine za mazoezi. Kwa mtu aliyezoea, gurudumu lisilosimama humfundisha kupiga pedeli kwa duara zuri. Kwa anayeanza, mwenye miguu dhaifu, au kwenye nyumba yenye watoto wadogo wanaopenda kuingiza vidole, mimi singeliweka.

Uchambuzi: kurudia

Hili ndilo ninaloliona la maana kuliko yote, na ndilo linaloachwa. Mazoezi ya mtu mwenye goti bovu hujengwa kwa kuongeza kidogo, kusubiri, kutazama goti linasemaje kesho yake, kisha kuongeza tena. Bila ngazi inayorudiwa, utaratibu huo hauwezekani. Goti likiuma hujui ni kwa sababu uliongeza au kwa sababu kifundo kilikazwa na mtu mwingine.

Sumaku inafaa hapa kwa namna inavyofanya kazi. Gurudumu la chuma likipita karibu na sumaku, mikondo ya umeme huzaliwa ndani ya chuma na kupinga mzunguko. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika, na ngazi ya tano ya leo itakuwa ngazi ya tano ya mwakani. Sufi hulika na huchanika, na jasho likiidondokea mshiko wake hubadilika.

Ngazi hizo hazilinganishwi kati ya baiskeli na baiskeli. Saba ya mama siyo saba ya jirani. Kalori za kwenye skrini nazo nilimwambia asizitazame: baiskeli yake haijui umri wake, uzito wake wala afya yake, inakadiria tu. Tulitumia kipimo cha Borg cha 6 hadi 20, ambacho mtu mwenyewe hutaja namba ya jinsi anavyohisi juhudi yake, tukilenga 12 na 13, pamoja na kipimo cha mazungumzo: aweze kusema sentensi nzima lakini asiweze kuimba. Kama mtu anahitaji namba za nguvu zinazoaminika, viwango vilevile vya ISO vina herufi za usahihi, A ikiwa ya juu na C ya chini, na H huonyesha mashine ya matumizi ya nyumbani. Herufi hizo aghalabu huwa kwenye kibandiko cha fremu, mahali ambapo mnunuzi hainami.

Uchambuzi: kiti na nguzo yake

Kushusha kiti kwa ajili ya usalama kulikuwa uamuzi wenye mantiki ya mama, na hakuna aliyemweleza gharama yake. Kigoda kilifanya kazi kwa sababu kilijibu hofu bila kugusa kipimo. Lakini fremu iliyoinama ilijibu hofu hiyohiyo vizuri zaidi, na siku hizi kigoda kimeondolewa.

Nguzo ya kiti ipewe heshima yake, hasa mtu mrefu na mzito anapotumia tundu la juu. Mei 2023 kampuni ya Peloton ilitangaza nchini Marekani kwamba nguzo za viti za baiskeli zake zipatazo milioni 2.2 zibadilishwe, kwa kuwa zingeweza kuvunjika mtu akiwa juu. Kijana hukagua yake kila mwezi: anatoa nguzo, anatazama eneo la matundu kama kuna ufa au kutu, anafuta jasho, anarudisha. Mikono ya pedeli nayo huikaza kwa spana wakati huohuo.

Yaliyobaki

Mazoezi ya nguvu ya mapaja, yale ya siku mbili kwa wiki, mama ameyafanya kwa kusuasua. Baiskeli imemsahaulisha, kwa sababu anahisi miguu imechoka tayari. Uchovu wa dakika 30 za ngazi ya saba hauwezi kuziba nafasi ya kusukuma mzigo mzito mara chache, na daktari alikuwa ametaja yote mawili. Tumeyahamishia mara tu baada ya baiskeli, mwili ukiwa na joto: kuinuka na kukaa kitini taratibu, seti tatu, kigoda kile cha zamani kikitumika kupandia na kushukia. Ngazi ya nane ya baiskeli itangoja mpaka ayafanye kwa majuma manne mfululizo.